Nusu Kilo ya Mbuzi

Ukiingia hoteli yoyote ya kawaida Nairobi, iwe River Road, iwe Ngara, iwe kibanda cha mabati kando ya mjengo, uulize "Mboga gani iko?", utajibiwa kwa pumzi moja: nyama, matumbo, kuku, sukuma, ndengu, madondo. Kwetu nyama ni mboga. Mboga ni chochote kinachosindikiza ugali. Wapwani wana neno kitoweo, kwa hivyo wanaweza kutenganisha samaki na mchicha bila kugombana. Sisi wa huku juu tumelibebesha neno moja mzigo wote. Ndiyo maana mtu akitangaza mezani kwamba yeye hula mboga tu, hajasema lolote. Weita atasubiri amalizie sentensi.

Akisema "Sili nyama," atasaidiwa kwa moyo mweupe: "Basi nikuletee kuku." Hapo hakuna dharau. Kwa watu wengi nyama ni ya ng'ombe au mbuzi. Kuku ni kuku, samaki ni samaki, na soseji haijulikani ni nini. Ukimkataa na kuku pia, ndipo uchunguzi unaanza. Una gauti? Ama wewe ni Msabato? Ama Rasta? Ugonjwa, dini na nywele: hizo ndizo sababu tatu ambazo jiji hili linazielewa. Mimi gauti sina, kanisani huenda Jumapili (tena si kila Jumapili), na kinyozi ananijua kwa jina. Juu ya hayo yote mimi ni Mluhya. Mluhya asiyekula kuku ni kichekesho kilichokamilika, hakihitaji hata mchekeshaji.

Ni mwaka wa sita sasa sili nyama, na ninapenda kula. Nasisitiza hilo la pili kwa sababu watu hudhani aliyeacha nyama ameaga starehe za dunia kama mtawa. Mimi hupanda matatu mbili kuvuka mji kwa ajili ya sahani moja ya maharagwe, mradi yawe yamepikwa na mtu anayeyaheshimu. Sitaki kuandika hapa kuhusu afya, wala kuhusu protini, swali ambalo kila mtu huligeukia akikutana nami, hata wale ambao hawajawahi kuwaza protini maishani. Swali langu ni jingine, na hunikaba kila mwisho wa mwezi tukitoka na marafiki: mtu anayekataa nyama mezani anamkataa mnyama aliyekufa, ama anawakataa watu walioketi?

Kwanza niondoe dhana ya njaa. Nairobi ni mahali pazuri sana pa kula bila nyama, na wengi wetu tunaishi ndani ya utajiri huo bila kuuona. Kuna githeri ya kibandani iliyokaangwa na vitunguu hadi punje za mahindi zianze kushika rangi, nusu parachichi juu yake. Kuna muthokoi wa Wakamba, mahindi yaliyokobolewa yakawa meupe na laini, yanayokubali kila unachoyapikia. Kuna njahi, ambazo ukikua mjini unaweza kufika miaka 20 hujui kwamba nyumbani kwa kina fulani hicho ni chakula cha mama aliyejifungua. Kuna managu na sagaa zilizowekwa maziwa zikalala usiku kucha, uchungu wake ukapoa lakini usiishe. Kuna mrenda, ambao ukiudharau sitakubembeleza. Na asubuhi, ukimpata Mpwani anayepika mahali, kuna mbaazi za nazi na mahamri. Hapo sitaki kuongeleshwa mpaka nimalize.

Halafu kuna Parklands. Reli ilifika hapa 1899, na pamoja nayo, kabla yake na baada yake, wakaja watu wa Bara Hindi: vibarua, mafundi, na wafanyabiashara wengi kutoka Gujarat. Chapati tumeipata kwa watu hao tukaifanya yetu kiasi kwamba Krismasi bila chapo inaonekana kama Jumanne tu. Lakini jikoni mwao kuna mengi ambayo hatukuyachukua. Nenda ukaagize thali ya Kigujarati. Utaletewa sinia la chuma lenye vibakuli vidogo: dengu zenye utamu wa mbali, kadhi ya maziwa ya mgando, viazi vya bizari, bilinganya, achari, na chapati nyembamba ambazo kijana anapita akiziongeza kabla hujamaliza ulizo nazo. Unaweza hata kukuta menyu yenye sehemu ya Wajaini, ambao hawali vitunguu, wala vitunguu saumu, wala viazi, kwa kuwa kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima na vidudu vilivyomo udongoni. Mara ya kwanza niliposikia hivyo nilicheka. Kisha nikaonja, nikaacha kucheka.

Wahabeshi nao. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa, na katika mfungo hawali nyama, maziwa wala mayai. Watu wakifunga siku nyingi hivyo, karne baada ya karne, wapishi wao hawana budi kuwa hodari. Ukiingia mkahawa wa Kihabeshi hapa mjini ukaagiza bayenetu, utawekewa injera pana yenye vilima vya rangi: shiro, dengu nyekundu, kabichi, sukuma, biti. Hakuna anayekuuliza unaumwa nini.

Linganisha na sehemu za bei kali. Hoteli moja ya kifahari, ambayo jina lake nitaliacha, iliniletea kile nilichotambua mara moja kuwa sahani ya steki iliyotolewa steki. Karoti tatu za kuchemsha, koliflawa, viazi, na katikati pengo lenye umbo la kitu kilichotakiwa kuwepo. Bei ilipungua kidogo sana. Nilielewa hapo kitu ambacho Mhabeshi na Mgujarati hawahitaji kuelezwa: kuna jiko ambamo "bila nyama" ni utamaduni wenye mabibi na mababu, na kuna jiko ambamo ni kutoa tu, kama hesabu ya darasa la pili.

Sasa, kama chakula kipo na ni kitamu hivi, mbona jiji zima linaona kukosa nyama ni kukosa? Jibu limo ndani ya jina la mboga tunayoila zaidi. Sukuma wiki. Ni mboga ya kusukuma siku hadi mshahara uingie. Nyama ndiyo ile iliyo upande wa pili wa wiki, ile unayoisukumia. Mtoto wa dada yangu alipokuwa na miaka saba alinitazama nikila maharagwe siku ya Krismasi, akaniuliza kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie, kama nimefutwa kazi.

Hilo swali la mtoto ni zito kuliko la protini. Fundi wa mjengo anayekaa kando yangu kibandani na chapo madondo mbele yake hajaacha nyama, anaisubiri. Kiswahili kinatufanyia mzaha hapa, kwa sababu yeye anasema "leo sili nyama" nami nasema "sili nyama", kitenzi kilekile, na mtu anayetusikia kutoka nyuma hawezi kujua nani amechagua na nani amechaguliwa. Sahani zetu zinafanana. Nikianza kumhubiria uzuri wa maisha bila nyama, kwa kweli ananidai kofi. Kuna watu mjini humu wanaogeuza chakula cha lazima cha wengine kuwa mtindo wao, wanapiga picha githeri kwenye bakuli la mbao na kuiuza bei mara nane. Sina ugomvi na bakuli. Nina ugomvi na ile hali ya kutojua kwamba mwenzako anaikimbia githeri hiyo tangu bweni la shule.

Kwa hivyo sababu yangu naiweka fupi, na naiwekea mpaka. Mbuzi anahisi maumivu na hofu. Hilo nimeliona na halihitaji falsafa. Mimi niko mjini, nimeshika menyu, na katika menyu hiyo kuna vyakula kumi vinavyonishibisha na kunifurahisha bila yeye kufa. Basi. Ni hoja ya mtu aliye na menyu. Haimfikii mfugaji wa Turkana au Marsabit, ambako mvua ni ya kubahatisha na mbuzi ndiye anayegeuza kichaka cha miiba kuwa chakula cha mtu. Mwanafalsafa Peter Singer, ambaye kitabu chake cha 1975 kuhusu ukombozi wa wanyama kimewabadilisha watu wengi, aliwaandikia zaidi watu wenye duka karibu. Mimi nina duka karibu. Lina mpaka mataa yanayowaka usiku kucha.

Na wanaonicheka wana mpaka wao pia, ila hawajauchora. Mwaka 2020, waziri wa kilimo Peter Munya alipopiga marufuku uchinjaji wa punda, baada ya wizi wa punda kuzidi kwa sababu ya biashara ya ngozi zao kwenda China, sikumsikia mtu hata mmoja kwenye meza yetu akilalamika kwamba ananyimwa nyama. Kinyume chake: kila uvumi ukizuka kwamba bucha fulani linauza punda, watu wazima wanashika matumbo. Mwulize mtu kwa nini, hatakwambia punda ana sumu. Atakwambia, "Aah, punda! Si huyo ndiye hubeba maji?" Yaani tumefanya kazi naye. Naona hiyo ni sababu nzuri kabisa. Nashangaa tu kwamba inaishia kwa punda.

Lakini tuache mnyama, turudi kwa watu, maana hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu.

Kula mbuzi, kwa Kenya, ni tukio. Chama kikitimiza mwaka kinakula mbuzi. Mtu akipata kazi, akifiwa na deni, akirudi kutoka majuu, tunakula mbuzi. Mwanasiasa akitaka kura anaita wazee wakale mbuzi. Posa haiendi bila mbuzi. Na mbuzi wa choma, pale Kariokor au Kenyatta Market au Burma, ana namna yake ya kuliwa ambayo haifanani na chakula kingine. Hakuna sahani. Kunaletwa ubao, mchomaji anakatakata mbele yenu, chumvi inarundikwa pembeni, na mikono sita inakutana hapo katikati. Huwezi kusema kipande hiki ni changu mpaka kiwe tayari mdomoni. Ni mlo ambao umbo lake lenyewe ni kugawana.

Sasa nimeketi mimi, na sahani yangu peke yangu, ugali na sukuma. Kwa kuwepo tu nimevunja umbo. Rafiki yangu mmoja alinieleza vizuri kuliko nilivyowahi kusoma popote: "Buda, shida si kwamba hukuli. Shida ni kwamba unatuangalia tukikula." Alikuwa na haki. Hata nikinyamaza, hata nikiangalia mpira kwenye runinga, sahani yangu inasema kitu, na haiwezi kunyamazishwa.

Malalamiko hayo ni ya kale kuliko Nairobi. Seneca, mwanafalsafa wa Roma, anasimulia katika barua zake kwamba alipokuwa kijana aliacha nyama kwa mwaka mzima na akaona ni jambo jepesi, hata la raha. Kisha, wakati wa Kaisari Tiberio, dini za kigeni zikaanza kuandamwa, na kutokula nyama ya wanyama fulani kukahesabiwa dalili ya kuwa mfuasi wazo. Baba yake akamwomba arudi kula, naye akarudi. Ukisoma haraka utasema alikuwa mwoga. Mimi naona kijana aliyegundua kwamba sahani yake inasomwa na watu wengine, na kwamba aliyekuwa hatarini kusomwa vibaya si yeye peke yake.

Na kuna Gandhi, ambaye kwa Nairobi si mgeni sana, maana jiko lililomlea ndilo hilo la thali ya Parklands. Aliondoka India 1888 akiwa na miaka 18 kwenda London kusomea sheria, akiwa amemwapia mama yake kwamba hatagusa nyama. Utotoni alikuwa amekula mbuzi kwa siri, akishawishiwa na rafiki, na anaandika kwamba usiku ule alihisi kama mbuzi mzima analia ndani yake. London ilimtesa kwa njaa hadi alipojikwaa kwenye mkahawa wa wasiokula nyama huko Farringdon Street, akanunua mlangoni kijitabu cha Henry Salt, akala akashiba. Anasema tangu kusoma kijitabu kile aliacha nyama kwa hiari yake, kiapo kando.

Kuna kisa kingine katika tawasifu yake ambacho nakipenda zaidi. Rafiki yake mmoja, aliyeogopa kwamba ushamba huu wa kutokula nyama utamharibia maisha, alimwalika kwenye mkahawa mkubwa wa Holborn, na baadaye waende kutazama mchezo wa kuigiza. Supu ikaletwa. Gandhi hakujua imepikwa kwa nini, akamwita weita kuuliza. Rafiki akawaka: kama huwezi kuwa na adabu mbele za watu, toka ukale kwingine, uningoje nje. Akatoka. Mkahawa wa mboga uliokuwa karibu ulikuwa umefungwa. Hakula chochote usiku ule. Na bado akaenda kutazama mchezo na huyo rafiki, tumbo tupu, wala hakumrudishia neno.

Watu husimulia kisa hicho kama ushindi wa msimamo. Mimi kinachonikaa ni ile sehemu ya mwisho, ya kwenda kutazama mchezo. Msimamo ulikuwa na gharama, naye akailipa kwa tumbo lake mwenyewe, bila kumtumia rafiki bili.

Nyumbani mambo hubadilika tena. Katika maandiko ya kale ya Wabudha kuna mazungumzo kati ya Buddha na tabibu aitwaye Jivaka, ambamo mtawa anapewa kanuni ya nyama: asile kama ameona, amesikia, au anashuku kwamba mnyama amechinjwa kwa ajili yake. Nje ya hapo, akipewa, anaweza kula. Ni kanuni ya mtu anayetembea na bakuli akiomba, na ina akili. Ila ukiileta hapa inageuza kila kitu juu chini. Mbuzi wa Kenyatta Market alikuwa ananing'inia kwenye ndoano kabla sijaoga. Hakufa kwa ajili yangu, kwa hivyo kwa kanuni hiyo nikipewa kipande naruhusiwa. Lakini kuku wa shangazi yangu kule Kakamega, anayekimbizwa uani mara tu boda yangu inapoonekana kwenye kona, huyo ni wangu kabisa. Amekufa kwa jina langu. Huyo ndiye ninayepaswa kumkataa. Na huyo ndiye ambaye kumkataa kunaumiza, kwa sababu kwetu mgeni asiyechinjiwa hajafika.

Basi mimi hupiga simu siku mbili kabla. Mara ya kwanza shangazi alinyamaza kwenye simu muda mrefu mpaka nikadhani salio limeisha. Kisha akauliza, "Sasa nitakuchinjia nini?"

Nilimwambia mrenda na kunde zitatosha kabisa. Nilipofika nikakuta mrenda, kunde, na kuku. Kuku, alinieleza bila kunitazama, ni wa yule kijana wa boda aliyenileta, maana naye ni mtoto wa watu. Kijana hakuamini bahati yake. Alipewa hadi firigisi, ile imondo ambayo kwetu si ya kila mtu, akaila akiwa ameketi wima kama mzee wa boma. Kuku hakuokoka. Lakini heshima ya nyumba ilikuwa lazima ipite mahali, ikapita kwake, na mimi na shangazi tukaongea hadi usiku.

Nilikuwa nikijitesa kwa kudhani kwamba ninachomfanyia mnyama na ninachowafanyia watu ni jambo moja, kwamba nikitimiza huku nimevunja kule. Kwa shangazi niliona ni hesabu mbili, na kila moja ina daftari lake. Ilinichukua muda kuona hivyo hivyo kwenye bili.

Bili! Tuseme tuko sita. Kilo ni shilingi 1,000, na desturi ya choma ni nusu kilo kwa kila kichwa, kwa hivyo zinakatwa tatu. Weka ugali, kachumbari, soda na vinginevyo, jumla ifike 6,000. Kila mtu 1,000. Nikitoa elfu yangu nimenunua mbuzi wa shilingi 500 ambaye sikumla. Nikikataa, niseme mimi nimekula ya 400 tu, nitakuwa sahihi kwa hesabu, na sitaalikwa tena. Nairobi unaweza kumsamehe mtu mambo mengi, lakini si yule anayetoa simu kupiga hesabu ya kachumbari. Mtu anayetuma bila ya kutoa ni afadhali.

Nilijaribu njia ya tatu: nikawa nalipia vinywaji na ugali wa wote, wao walipe nyama. Nilijiona mjanja hadi mweka hazina wetu, ambaye kazini ni mhasibu, aliponitazama kwa huruma. "Pesa haina rangi," akasema. "Ukilipa soda yangu, ile ya soda nimeiweka kwa mbuzi." Nilikosa jibu. Bado sina, kwa swali hilo lilivyo. Mkono safi kwenye meza ya watu sita haupo. Ukiutaka, itabidi ukae peke yako, na hata hapo yule mama wa kibanda atachukua noti yako ya sukuma akanunulie watoto wake matumbo, na ana haki.

Kwa hiyo nimeacha kutafuta mkono safi. Mimi hata sufuria siulizi. Chipsi zikikaangwa kwenye mafuta yaliyopitiwa na kuku, nala. Kwa Mjaini hilo ni jambo zito na namheshimu. Kwangu hii si habari ya najisi. Kuku hapungui wala haongezeki kwa mafuta yake ya jana. Supu ya mifupa ndani ya maharagwe nauliza, nikiambiwa ipo naagiza ndengu, bila hotuba.

Nilichogundua ni kwamba kwa wiki nyingi nilikuwa nabishana kwenye bili, wakati mambo yanaamuliwa kwenye mizani. Mchomaji, akiwa na kisu mkononi na mguu wa mbuzi begani, huuliza swali moja: "Mko wangapi?" Mtu hujibu sita, yeye anakata tatu. Hapo ndipo ninapotakiwa kuwepo, nimesimama, si kule mezani nikitafuta kiti kinachoangalia mpira. Sasa mimi ndiye huenda kwenye mizani. "Watano," namwambia. "Kata mbili na nusu."

Hiyo nusu kilo ndiyo yote ninayomfanyia mbuzi. Sio zaidi. Mwenye bucha haagizi mbuzi wa kesho kwa kuangalia pochi ya nani ilitoa nini. Anaangalia kilo ngapi zimeondoka. Zimeondoka pungufu ya nusu. Na bili ikija, 5,500, tunagawana sita, kila mtu 917, nalipa yangu na ya kutoa. Hiyo pesa ni ya watu. Ni ya rafiki aliyenipeleka hospitali usiku mwaka juzi na gari lake likaharibika njiani. Ni kweli, kama alivyonionyesha mhasibu haraka sana, kwamba sasa nawapunguzia bei ya nyama, na nyama ya bei rahisi huliwa mara nyingi. Nimelifikiria. Lakini nisipokuwepo kabisa, wao watano watakata mbili na nusu vilevile. Kwa mbuzi, kususa kwangu na kuwepo kwangu ni sawa kwa kilo. Tofauti ni kwamba nikiwepo, kuna sahani moja ya managu mezani ambayo mikono mingine, saa fulani, wakidhani siangalii, hupitia.

Kuna hatari nyingine ambayo sikuitegemea: huruma. Mara mbili mtu alisema "ongeza nusu, tusije tukapungukiwa," na nusu yangu ikarudi kupitia dirishani. Siwezi kuwazuia. Naweza tu kufika mapema kwenye mizani, nikiagiza kwa sauti ya mtu mwenye njaa, kisha niongeze na mukimo mkubwa wa kati.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi uliopita tulikuwa sita kama kawaida. Kabla sijainuka, mweka hazina aliuliza meza nzima, kwa sauti ya kiofisi, "Leo ni wangapi wa mbuzi?" Mmoja akasema daktari amemwambia gauti, gauti ya kweli sasa. Mwingine alikuwa ametoka harusi mbili wiki moja na hakutaka hata kusikia harufu ya nyama. Nikaenda kwenye mizani nikasema watatu, kata moja na nusu, na mtupe madondo ya wote. Mchomaji alishusha kisu, akachungulia meza yetu nyuma yangu, akahesabu vichwa kwa macho, kisha akaniuliza kwa upole kama kampuni yetu imefungwa.